Wasomaji Wauliza: Je, Tusi Latosha Kukiondoa Kitabu Darasani?

Barua nyingi tulizozipokea safari hii zinahusu jambo moja, nalo ni vitabu vya fasihi vinavyoondolewa madarasani, au vinavyotakiwa viondolewe, kwa sababu ndani yake mna lugha ya matusi. Tumechapisha tano kati ya barua hizo kwa kuzifupisha, na tumeacha majina ya walioziandika kama walivyoomba.

SWALI: Mwanangu ana miaka 14, na darasani kwao wanasoma riwaya ambayo nilipoifungua niliona ina matusi. Nilichukua kalamu nikayapigia mstari, nikapata 19, mengine ya nguoni. Nilimwendea mwalimu akanijibu tu kwamba kitabu ni kizuri. Sasa wazazi wenzangu wameandika barua ya kuitaka shule ikiondoe, nao wananiomba nitie saini. Sipendi kuonekana mtu wa kupinga elimu, lakini nyumbani kwangu maneno yale hayatamkwi, na sielewi kwa nini mwanangu ayasome kwa amri ya shule. Je, nitie saini? – Mzazi wa mwanafunzi wa sekondari

JIBU: Ndugu mzazi, usitie saini kwanza. Sisemi hivyo kwa kuwa wasiwasi wako ni wa bure. Mzazi anayekifungua kitabu cha mwanawe mwenyewe anastahili heshima kuliko yule anayengoja kusimuliwa. Nasema hivyo kwa sababu barua yako imenieleza vizuri kuwa matusi ni 19, ila haikunieleza riwaya inahusu nini, nani anatukana, anamtukana nani, na baada ya hapo kunatokea nini. Nashuku kwamba barua ya wenzako nayo haielezi.

Hapo ndipo mashtaka ya matusi yanapotofautiana na mashtaka mengine yote dhidi ya kitabu. Tusi ni kitu cha kuhesabika. Mtu anaweza kulikuta katika ukurasa wa 40 bila kuzisoma kurasa 39 zilizotangulia, akalipigia mstari, akalipeleka mkutanoni, na kila aliyehudhuria akakubali kwamba kweli hilo ni tusi. Dhamira ya kitabu haishikiki kwa namna hiyo. Ili kuijua ni lazima usome, tena usome hadi mwisho, na kwa kuwa watu wenye shughuli zao ni wachache wanaopata nafasi hiyo, hesabu ya matusi huishia kuchukua mahali pa usomaji.

Mfano unaojulikana sana ni ule wa Januari 2022, bodi ya shule ya wilaya ya McMinn, katika jimbo la Tennessee nchini Marekani, ilipopiga kura 10 kwa sifuri kukiondoa katika mtaala wa darasa la nane kitabu kiitwacho Maus. Ni hadithi ya picha ambamo Art Spiegelman anasimulia jinsi wazazi wake, ambao ni Wayahudi, walivyonusurika mauaji ya halaiki yaliyofanywa na Wanazi, na mwaka 1992 kilipewa tuzo maalumu ya Pulitzer. Malalamiko yalihusu hasa maneno makali 8 na mchoro mdogo wa mwanamke aliye uchi, ambaye ni mama wa mwandishi baada ya kujiua. Bodi ilieleza kwamba haipingi wanafunzi kufundishwa habari za mauaji hayo, nami sina sababu ya kuwashuku kuwa walisema uongo. Hata hivyo, kitabu kinachoeleza jinsi watu walivyouawa kwa mamilioni kilihukumiwa kwa maneno 8, na waliokihukumu hawakuona ajabu. Habari ziliposambaa, watu walikinunua kwa wingi hadi kikapanda kileleni mwa orodha za mauzo ya mtandaoni, kwa hiyo hata lengo la kukiweka mbali na macho ya vijana halikutimia.

Katika fasihi yetu wenyewe, riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, na ambayo miongoni mwa mengine inaeleza jinsi wasichana wa shule wanavyoharibiwa na walimu wao, hapo mwanzo ilizuiwa kutumika madarasani. Baadaye ikaja kuwa kitabu cha kawaida katika shule za sekondari za Tanzania na Kenya. Jambo lililoonwa kuwa aibu kulisoma mbele ya wanafunzi lilikuwa ndilo hasa ambalo msichana wa sekondari alihitaji kulisikia likitajwa na mtu mzima, ili ajue kwamba anayepaswa kuona haya si yeye.

Sasa rudi kwenye riwaya ya mwanao, ukaitazame tena mistari uliyoipiga. Lugha chafu si ya aina moja. Kuna mhusika anayeapiza au kulitaja jina la Mungu kwa hasira, ambaye atamkera mcha Mungu kuliko mtu mwingine yeyote. Kuna matusi ya nguoni, yanayotaja viungo vya mwili na tendo la ndoa. Na kuna maneno ya kuwadharau watu kwa rangi, kabila, dini au ulemavu wao, ambayo kwa maoni yangu ndiyo mazito kuliko yote ingawa mara nyingi hayahesabiwi kabisa na wanaopiga mistari. Baada ya kuyatenga, mtazame anayeyatamka. Mume anayempiga mkewe akitukana ukurasa mzima, na msomaji akamaliza ukurasa ule akimchukia, basi tusi limefanya kazi ambayo tafsida isingeweza kuifanya. Msimulizi akitukana kila aya bila sababu, huku hadithi ikimchekea na kumfanya shujaa, hilo ni jambo lingine, na hapo una hoja. (Na kusema kweli, vipo vitabu ambavyo matusi yake ni uvivu wa mwandishi tu, ambaye hakupata la kumsemesha mhusika wake. Vitabu vya namna hiyo havistahili muda wa darasa, lakini kosa lao ni ubovu wa kazi, nao hugunduliwa kwa kusoma.)

Kuna upande mmoja ambao watetezi wa vitabu huuruka haraka mno, nami sitauruka. Mtoto wa miaka 14 hakuichagua riwaya hiyo. Kitabu kilichoko maktabani kinamngoja anayekitaka; kitabu cha darasani kinasomwa na kila mmoja, kinatungiwa mtihani, na asiyekisoma anafeli. Kwa hiyo shule inayokifanya kitabu kuwa cha lazima ina wajibu mkubwa zaidi wa kueleza kwa nini imekichagua hicho na kukiacha kingine, na jibu la “ni kitabu kizuri” ulilopewa na mwalimu halitoshi. Mrudie kwa upole, umwulize ni nini wanafunzi watakachokipata katika kitabu hiki ambacho wasingekipata katika kingine kisicho na maneno hayo, na ni kwa vipi atayashughulikia maneno yenyewe kipindi kitakapofika. Mwalimu aliyejiandaa atakujibu maswali yote mawili bila kukasirika.

Ikiwa baada ya kukisoma chote na kumsikiliza mwalimu bado dhamiri yako inakataa, omba mwanao apewe kitabu kingine chenye uzito uleule. Shule nyingi hukubali, na hiyo ni haki ninayoiona kuwa yako kabisa, ijapokuwa ina gharama yake, kwa sababu mtoto atakaa peke yake wakati wenzake wanajadiliana, na huenda akakisoma kitabu kile kwa siri hata hivyo. Barua ya kutaka kiondolewe inaomba jambo kubwa kuliko hilo. Inamwamulia mzazi wa mtoto wa dawati la jirani, ambaye pengine amekisoma, amekipenda, na angependa mwanawe akisome.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa miaka 16. Kitabu tulichokuwa tukikisoma kimeondolewa tukiwa katikati, eti kina matusi. Matusi hayohayo tunayasikia kila siku uwanjani, ndani ya basi na katika simu. Kwa nini watu wazima wanadhani tutaharibika kwa kuyasoma katika kitabu, wakati tunayajua yote? – Mwanafunzi

JIBU: Mwanangu, hasira yako naielewa, lakini hoja uliyoishika ni dhaifu, na ukienda nayo mbele ya wakubwa watakushinda mapema. Kuwa jambo linasikika uwanjani si sababu ya kuliingiza darasani. Kama ingekuwa hivyo, hata ugomvi na wizi wa mitihani vingedai nafasi yake katika ratiba. Shule ina haki ya kuwa mahali penye lugha tofauti na ya uwanjani, na hata wewe usingependa mwalimu wako aseme nawe kama wanavyosema wale wa kwenye basi.

Hoja yenye nguvu ni nyingine. Uwanjani tusi linapita bila mtu kuuliza lilitoka wapi, lilimuumiza nani, na aliyelitamka alikuwa anaogopa nini, ilhali kitabu kilichoandikwa kwa ufundi kinakuonyesha mambo hayo, na mwalimu yupo wa kukuuliza umeelewa nini. Ikiwa kitabu chenu kilifanya hivyo, basi kitetee kwa hilo. Andika barua fupi kwa mkuu wa shule, taja tukio moja lenye maneno yaliyolalamikiwa, eleza linaonyesha nini kuhusu mhusika, kisha uliza kwa adabu nani alikisoma kitabu chote kabla ya kuamua kukiondoa. Barua ya mwanafunzi aliyesoma huwa ngumu kuijibu.

SWALI: Nafundisha fasihi katika kidato cha tano. Mkuu wangu, baada ya mzazi mmoja kulalamika, amesema kitabu kitabaki iwapo nitayafuta kwa wino mweusi maneno yote machafu katika nakala za darasa, au nikipata toleo lililosafishwa. Wenzangu wanasema nishukuru kwani kitabu kimenusurika. Mimi roho yangu haitulii. Je, huu si mwafaka wa kuridhisha pande zote? – Mwalimu wa fasihi

JIBU: Mwalimu, mkuu wako amekutafutia njia ya amani, na hilo si dogo, kwa kuwa wapo ambao wangekiondoa kitabu bila hata kukuita ofisini. Lakini njia yenyewe ni mbaya kuliko inavyoonekana. Nianze na wino. Ukilifunika neno kwa wino mweusi katika nakala 40, utakuwa umewapa wanafunzi wako 40 fumbo la kufumbua, na kipindi chote kitaliwa na neno hilo. Aliyekuwa alipite kwa nusu sekunde sasa atainua karatasi juu ya mwanga ili alione.

Toleo lililosafishwa lina hatari ya kina zaidi. Desturi ya kusafisha vitabu ni ya zamani, mwaka 1807 familia ya Bowdler nchini Uingereza ilianza kuchapisha tamthilia za Shakespeare zilizoondolewa kila lililodhaniwa halifai kusomwa kwa sauti mbele ya wanawake na watoto, na hata mahali ambapo mhusika alilitaja jina la Mungu kwa mshangao waliweka “Mbingu!” badala yake. Angalau wao walitangaza walichofanya. Tazama yaliyoipata riwaya ya Ray Bradbury iitwayo Fahrenheit 451, ambayo ilitoka mwaka 1953 na inasimulia nchi ambayo kazi ya zimamoto ni kuchoma vitabu. Mwaka 1967 mchapishaji wake alitoa toleo maalumu la shule za sekondari lenye mabadiliko katika sehemu 75 hivi, bila kumjulisha msomaji, na wala mwandishi mwenyewe hakujua kwa miaka mingi. Maapizo yaliondolewa, na hapo wahariri hawakukoma, kwani kalamu ya kusafisha ikishaanza haijui pa kusimama: mtu aliyekuwa mlevi katika tukio mojawapo aligeuzwa kuwa mgonjwa. Kuanzia mwaka 1973 toleo hilo lililokatwakatwa likawa ndilo pekee linalouzwa, kwa wakubwa na wadogo. Bradbury alipogundua, karibu na mwaka 1979, alidai maneno yake yarudishwe, na yakarudishwa.

Mlevi aliyegeuka mgonjwa ananisumbua kuliko maapizo yote yaliyofutwa. Mwanafunzi aliyesoma toleo lile alijibu maswali ya mtihani kuhusu mtu ambaye mwandishi hakumwandika. Ndiyo maana nasema kuwa kuliondoa tusi si sawa na kuondoa doa katika kitambaa, kwa sababu tusi lina mwenyewe, na mwenyewe huyo ana tabia, na tabia ile ndiyo uliyotumwa kuifundisha.

Hata hivyo, ningependa ukitenge kisa kimoja. Mwaka 2011 mchapishaji mmoja wa Marekani alitoa toleo la Huckleberry Finn ya Mark Twain ambamo neno la kuwadhalilisha watu weusi, linalotokea mara 219, lilibadilishwa likawa “mtumwa”. Wengi walipiga kelele, na kwa upande wa maandishi nakubaliana nao, kwa maana anayeitwa mtumwa katika kitabu hicho anaelezwa hali yake tu, ilhali aliyeitwa kwa lile neno alikuwa anavuliwa utu wake, na Twain alitaka tuone hilo. Lakini walioleta toleo lile walikuwa wameona tatizo la kweli: mwanafunzi mweusi aliyekaa peke yake kati ya wenzake weupe, akilisikia neno hilo likisomwa kwa sauti mara kwa mara kwa wiki nzima. Neno lililoko kwenye karatasi na neno linalotoka mdomoni mwa mwalimu si kitu kimoja, na hapo ndipo mkuu wako na wewe mnapoweza kukutana.

Mwambie kwamba maandishi yatabaki kama yalivyo, ila sehemu zenye maneno mazito zitasomwa kimyakimya, hazitaigizwa wala kusomwa kwa sauti, na wewe mwenyewe utakapozijadili utasema “tusi analomtukania baba yake” bila kulitamka. Kabla ya kuanza kitabu, waandikie wazazi ukurasa mmoja wa kueleza kinahusu nini, kina maneno ya aina gani, na kwa nini umekichagua. Wengi wanaolalamika hulalamikia kushtukizwa kuliko wanavyolalamikia neno lenyewe. Tayarisha kitabu mbadala kwa atakayeomba. Ukishafanya hayo, umefanya linalopasa.

Usipuuze pia kujilinda. Mwaka 1969, katika mji wa Ipswich, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, mwalimu wa Kiingereza aliwapa wanafunzi wa darasa la mwisho la sekondari makala ya jarida la heshima yenye tusi moja la nguoni lililorudiwa mara kadhaa, akaeleza lilivyotumika, na akasema anayekerwa anaweza kupewa kazi nyingine. Kamati ya shule ilimtaka aahidi kutolitumia tena darasani. Alipokataa, alisimamishwa, na hatua za kumfukuza zikaanza. Mahakama ya rufaa ya shirikisho, ikimpa zuio la muda, ilitambua kuwa katika makala ile neno lilitumika kulaani jambo wala si kulisifu, na kuwa maktaba ya shule hiyohiyo ilikuwa na vitabu visivyopungua vitano vyenye neno lilelile. Ilisema pia, kwa heshima zote kwa wazazi waliokerwa, kwamba hisia zao si kipimo kamili cha elimu iliyo sahihi. Angalia kilichomwokoa. Alikuwa ameichagua makala kwa sababu inayoelezeka, wanafunzi wake walikuwa na umri wa kutosha, na alikuwa amewaachia njia ya kutokea. Weka kumbukumbu za namna hiyo kwa maandishi.

SWALI: Nimechaguliwa hivi karibuni kuwa mjumbe wa bodi ya shule. Kikao changu cha kwanza kina ajenda ya kuondoa vitabu vitatu, viwili vya darasani na kimoja cha maktabani, kwa sababu ya lugha chafu. Tumepewa karatasi yenye dondoo tu, kurasa na maneno. Nifanye nini ili nisiwe upande wa wanaoharibu watoto wala upande wa wanaozima fikra? – Mjumbe mpya

JIBU: Ndugu mjumbe, karatasi ya dondoo uliyopewa ndiyo kitu cha kwanza cha kukikataa. Omba kikao kiahirishwe hadi kila atakayepiga kura awe amekisoma kitabu anachokipigia kura, na kama vitabu vitatu ni vingi, vigawanywe kwa kamati ndogo. Ukiona wenzako wanakasirika kwa ombi hilo, umeshajua jambo fulani kuhusu ajenda yenyewe.

Mwaka 1982 Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa uamuzi katika kesi ya bodi ya shule ya Island Trees, jimbo la New York, iliyofunguliwa na wanafunzi. Wajumbe wa bodi hiyo walikuwa wamepata orodha ya vitabu visivyofaa katika mkutano wa wazazi, wakaviondoa katika maktaba wakiviita, pamoja na mengine, vichafu tupu. Baadaye waliteua kamati ya wazazi wanne na wafanyakazi wanne wa shule ivisome. Kamati ilisoma, ikapendekeza vitabu vitano vibaki na vingine vichache viondoke au viwekewe masharti. Bodi ikapuuza, ikarudisha kimoja bila masharti na kimoja kwa idhini ya mzazi, na vilivyosalia ikavizuia. Majaji hawakuwa na kauli moja, lakini maoni yaliyoongoza yalisema kwamba bodi haiwezi kuondoa vitabu vya maktaba kwa sababu tu haipendi mawazo yaliyomo. Maoni hayohayo yalikiri kuwa kitabu kilichojaa uchafu tangu mwanzo hadi mwisho, au kisichofaa kielimu, kinaweza kuondolewa, na kuwa mtaala wa darasani ni suala jingine ambalo bodi ina mamlaka makubwa zaidi juu yake.

Sheria ya nchi moja haiifungi nchi nyingine, ila maswali yaliyoibuliwa pale ni yako pia. Kwanza, tenganisha kile kitabu cha maktaba na vile viwili vya darasani, kwa sababu nilizomweleza mzazi hapo juu. Kwa cha maktaba mlalamikaji awe na mzigo mzito zaidi wa kuthibitisha. Pili, uliza kama lugha chafu ndiyo sababu yenyewe au ni vazi la sababu nyingine. Mara nyingi mtu anayeudhika kwa kuwa kitabu kinasema vibaya kuhusu viongozi, dini au wazee huona haya kusema hivyo waziwazi, lakini tusi moja la ukurasa wa 90 analiona kama zawadi. Kipimo chake ni chepesi: tafuta katika maktaba hiyohiyo kitabu kingine chenye maneno yaleyale ambacho hakuna aliyekilalamikia. Ukikipata, waulize kwa nini.

Tahadhari vilevile na kanuni inayosema neno fulani likionekana, kitabu kinaondoka. Jimbo la Utah lilitunga sheria mwaka 2022 kuhusu maandishi yasiyofaa shuleni. Mzazi mmoja, akitaka kuonyesha udhaifu wa sheria hiyo, akaishtaki Biblia kwa yaliyomo ndani yake. Mwaka 2023 wilaya ya shule ya Davis iliiondoa kweli katika shule za msingi na za kati kwa sababu ya maneno machafu au ukatili, kisha mwezi wa Juni mwaka huohuo, baada ya rufaa, bodi ikairudisha. Wale waliotunga kanuni hawakuwa wameikusudia Biblia, lakini kanuni ya kuhesabu maneno haimjui aliyekusudiwa na asiyekusudiwa.

Kwa hiyo pendekeza utaratibu ulioandikwa: mlalamikaji ajaze fomu inayoanza na swali la kama amekisoma kitabu chote; kitabu kiendelee kutumika hadi uamuzi utolewe; kamati iwe na mwalimu wa somo, mkutubi na wazazi; uamuzi uandikwe pamoja na sababu zake, na kitabu kilichokwisha kuamuliwa kisirudishwe mezani kila muhula. Hapo utakuwa na haki ya kupiga kura ya kukiondoa, ikiwa umekisoma na umeona hakifai. Mimi mwenyewe ningepiga kura hiyo kwa vitabu kadhaa.

SWALI: Binti yangu wa miaka 9 ameleta nyumbani kitabu cha maktaba ya shule chenye tusi zito. Je, haya unayoyatetea yanamhusu hata mtoto wa umri huo? – Mama

JIBU: Hapana, mama. Mtoto wa miaka 9 hawezi bado kumtenga mwandishi na mhusika wake, na mambo mengi niliyoyasema juu ya kusoma kwa kupima yanadai uwezo huo. Yawezekana kabisa kitabu hicho kilinunuliwa kwa ajili ya wakubwa kikapangwa katika rafu isiyo yake, jambo linalotokea pasipokuwa na mkutubi. Kirudishe wewe mwenyewe, mwonyeshe mhusika wa maktaba ukurasa, na uombe kihamishiwe rafu ya wakubwa. Hakuna haja ya barua wala kikao. Binti yako akikuuliza neno lile lina maana gani, mjibu kwa kifupi na kwa kweli, kwani asipolipata jibu kwako ataliuliza kwa rafiki yake.